Mapigo Saba Kabla ya Kazi

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto tu. Nguo uzianue, mawingu yametanda.

Asubuhi nilikuambia gitaa la besi nimeliacha, kwamba muziki wa roki ya progresivu, yenye mapigo saba pale nilipozoea manne, ni wa wale mabingwa ninaowasikiliza, si wa mshonaji wa miaka hamsini. Ulivuta stuli ukanipigia makofi, saba saba, mpaka vidole vyangu vikaelewa. Ukachelewa kazini. Unapiga makofi kama mtu anayeua mbu, lakini hakuna aliyewahi kunisubiri hivyo. Asante, mume wangu.

Nimekwenda ukumbini kupiga na lile kundi la roki kwa mara ya kwanza. ~~Usije, nitaona haya.~~ Njoo saa kumi. Kaa mbele nikuone.

Mama watoto