Koti la Alois

Duka la Hakitupwi,
Mwembesongo, Morogoro.
9 Juni, 1954.

Mama yangu mzazi,

Shikamoo mama. Ipokee shikamoo hii kutoka huku chini kwenye joto na vumbi. Naamini imekukuta umekaa jikoni na moto unawaka, maana Juni ya Mgeta naijua, haina mzaha. Goti lako linaendeleaje? Na kile kikohozi cha masika kimekuacha? Nimesikia bado mnasukumwa kuchimba yale matuta ya serikali, na kwamba wewe kwa umri huo umepimiwa kipande chako sawa na vijana. Mwambieni huyo msimamizi akae na magoti yako siku mbili tu, halafu aseme tena. Mimi ni mzima wa mwili. Nalitanguliza hilo usije ukashtuka, kwa sababu barua hii ni ndefu na habari zake si njema.

Mwalimu Andrea, najua ni wewe unayemsomea mama kama siku zote, na Mungu akulipe. Leo nakuomba umsomee ndani, mlango ukiwa umefungwa, si pale nje ya kanisa baada ya ibada ambapo kila mtu hupenda kusikia habari za mjini. Ukifika mahali ukaona sauti inakataa, pumzika unywe maji, kisha uendelee. Usiruke neno.

Mama, umeniuliza habari za koti la kaka Alois mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa katika barua yako ya Pasaka, ya pili ukamtuma dereva wa lori la mboga, na sasa umeandika tena. Unasema tanga la msiba wake litaondolewa Jumamosi ya kwanza ya Julai. Mahindi ya pombe yametengwa, wajomba wamekubaliana kwamba Dominiko, mtoto wa dada Modesta wa mama mdogo, ndiye atakayevikwa koti na kuitwa jina la marehemu, na bila koti hakuna cha kumvika. Tena umenikumbusha kwamba nililetewa nishone kwapa lililotatuka na kubandika vifungo viwili, kazi ya siku moja, na huu ni mwezi wa tano. Ni fundi gani huyu? Una haki ya kuuliza. Ulisema pia neno jingine, kwamba laiti tumbo langu lingezaa, wala tusingehangaika na mjukuu wa mama mdogo. Nitajibu yote mawili. Ila niache nianzie mbali kidogo, nisije nikakupoteza njiani.

Duka letu hujaliona kwa macho yako. Habari zake unazipata kwa dereva yule, ambaye huwaambia watu kwamba Bernadeta anakaa na vilema wenzake juu ya lundo la takataka. Hakukosea sana. Mwenye duka ni Mzee Stambuli, ambaye mkono wake wa kulia ulichukuliwa na mashine ya mkonge. Walipomwachisha kazi alianza kuokota vilivyotupwa: magunia, madebe ya mafuta, mashati ya watu waliohama. Watu walimcheka, wakasema ameumia mpaka kichwani. Baadaye akaanza kutuokota na sisi. Yuliana, ambaye ni bubu, hufua na kupiga pasi. Salehe, ambaye haoni, husokota kamba kwa zile nyuzi fupi za mkonge ambazo kiwandani humwagwa. Mimi nina cherehani ya mkono, kwa sababu miguu yangu hii haiwezi kukanyaga ile ya miguu. Shati lililochoka nalifanya kaptula ya mtoto, kaptula ikichoka inatoa viraka, na kiraka kikishindikana Mzee hukikata utambi wa kibatari.

Wanunuzi wa kwanza waliogopa. Walisema hizi ni nguo za maiti wa Ulaya, ukivaa utaota unaongea Kizungu. Tuliapa mbele yao, hata Yuliana aliapa kwa vidole, na siku hizi wanapanga foleni. Ila nikuambie lililonishika mimi. Siku niliyofika na magongo yangu, Mzee Stambuli hakuniuliza miguu ilipatwa na nini. Alinipa mkasi na gauni bovu, akauliza kama naweza kufumua mshono bila kuchana kitambaa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza najua nini. Usikasirike mama, ulinibeba mgongoni mpaka nikawa na miaka kumi, na hilo silisahau. Lakini siku ile nililia kwa furaha juu ya gauni la watu.

Sasa kuhusu Salehe. Huyu nilimtaja katika barua za nyuma kama mwenzangu wa kazi, nikaishia hapo. Ni mtu wa Gairo, Mwislamu, mpole, mwenye utani mwingi. Husema alinichagua kwa sikio, kwamba magongo yangu hupiga sakafu kwa hasira na yeye hupenda mwanamke mwenye hasira. Tunakaa chumba kimoja tangu mwaka wa hamsini na moja. Hatukufunga ndoa kwa padri wala kwa shehe, maana kila mmoja wetu aliogopa kuingia dini ya mwenzake, na wote wawili tulikuogopa wewe. Nilijua watakachosema huko juu, kwamba kiwete na kipofu wameoana ili mmoja aazime macho na mwingine aazime miguu. Nililisikia neno hilo hapa mjini likanichoma. Sikutaka ulisikie wewe kisimani.

Kaka Alois alijua. Alipoteremka Agosti ya mwaka wa hamsini na mbili kutafuta dawa ya kifua chake, alifika dukani bila taarifa, amevaa lile koti lake la jeshi katika joto lote hili, akanikuta na mimba ya miezi sita. Alikasirika, mama, hujawahi kumwona amekasirika vile. Jioni akamwomba Salehe amfundishe kusokota kamba, wakasokota pamoja, nami nikajua amesamehe. Lakini alikataa kunibebea neno. Alisema nikuambie mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla ya mavuno yatakayofuata. Nikamwahidi. Mavuno yakapita, na wewe ukaniandikia kwamba mahindi yalikuwa mazuri, nami nikajibu kwamba nimefurahi.

Ndiyo mama. Nilizaa. Ni mtoto wa kiume, tarehe kumi na saba Novemba, katika chumba chetu, Yuliana akinishika mgongo. Miguu yake yote miwili ilikuwa mizima. Niliigusa mara nyingi sana usiku ule, Salehe naye akaigusa, akawa anahesabu vidole kwa sauti. Nilimpa jina Alois.

Kaka alipofariki mwaka jana sikuja msibani, nikakuandikia kwamba mvua imekata barabara. Barabara ilikuwa imekatika kweli, ila kwa siku mbili tu, na mimi ningeweza kubebwa. Sikuja kwa sababu nilikuwa nanyonyesha, na nisingeweza kuja na mtoto wala kumwacha. Nilimlilia kaka yangu hapa, nimejifunika gunia mdomoni ili majirani wasiulize. Huo ni uongo wa kwanza ninaokuungamia.

Wa pili ni mbaya zaidi. Januari dada Modesta aliponiletea koti, alifika dukani mtoto akiwa mapajani mwangu. Nilimwona akivuka barabara, nikampa Yuliana mtoto haraka kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Modesta akaingia, akanisalimu, akamtazama yule mtoto akampenda, akauliza ni wa nani. Nikasema ni wa Yuliana. Mtoto akaninyooshea mikono, analia, anataka kurudi kwangu, na mimi nikamgeuzia mgongo nikawa nalikagua koti. Modesta alitoa tunda la peasi kwenye kikapu akampa, akasema huyu bubu amebarikiwa. Yuliana alinitazama, mama. Hana sauti, lakini siku ile aliniambia mengi.

Masika yalikuja na baridi ambayo hatukuizoea huku bondeni, na chumba chetu kilivuja. Mtoto akaanza kukohoa. Dukani zilikuwapo nguo nyingi, ningeweza kuchukua blanketi lolote. Lakini koti la kaka lilikuwa limetundikwa pale, zito, zuri, linanukia moshi wa jikoni kwako, nami nikajiambia kwamba la nani, kama si la huyu? Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Huyu ndiye mpwa wa Alois, mtoto wa dada yake wa tumbo moja, hakuna aliye karibu kuliko yeye, na koti lilikuwa limepangiwa mtoto mwingine kwa sababu mimi nilikuwa mwoga. Basi nikachukua mkasi. Nililifumua mshono kwa mshono, nikalikata, nikamshonea mwanangu koti dogo lenye kola na vifungo vinne. Mzee Stambuli alipita akaona, akauliza kama nina ruhusa ya wenyewe. Nikasema ninayo.

Alilivaa majuma saba. Lilimpendeza. Alikuwa akitembea nalo dukani huku anashikilia kamba za baba yake, na wanunuzi wakimwita askari. Mwezi wa Mei homa ikapanda juu ya kikohozi. Tulimpeleka kwa waganga wa hospitali, walifanya walichoweza, sina lawama kwa mtu. Usiku wa tarehe ishirini na mbili nilimbatiza mwenyewe kwa maji ya kikombe, kama tulivyofundishwa katika katekisimu, kwa sababu mpaka siku ile nilikuwa nimeogopa hata kumpeleka kwa padri. Kulipopambazuka alikuwa amekwisha kutuacha.

Salehe, ambaye dini yake inataka sanda tu, alinisikia nikimfunga mtoto vifungo vya koti. Akasema basi sanda tuiweke juu yake. Ndivyo tulivyomzika. Mzee Stambuli alishika jembe kwa mkono wake mmoja na hakukubali kupokewa.

Kwa hiyo koti la Alois lipo makaburini hapa Morogoro, mama, na mjukuu wako yumo ndani yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha mtu mwenye afya, mwenye jina, mpaka kifo kikaja kumtangaza. Nimemzika mtu wa ukoo na ukoo haukujua, hakuna mjomba aliyesimama, hakuna mtani aliyetutania tukacheka kidogo, na wewe hukuambiwa hata uvue kitambaa kichwani kumwomboleza. Hilo ndilo kosa langu. Koti ni kitambaa tu.

Kuna jambo jingine, nisikufiche tena. Barua yako ya mwisho ilipofika nilishikwa na hofu, nikatafuta katika lundo letu koti jingine la jeshi, nikalipata. Nilitatua kwapa nikalishona tena, nikabadili vifungo, nikalitundika juu ya moto wa kuni siku tatu linuke moshi. Macho yako yangelikubali. Jana usiku nilitaka kulifunga, Salehe akalipapasa, akauliza ni la nani. Nikasema silijui lilikuwa la nani. Akasema basi tutakuwa tunampeleka Dominiko akaitwe jina la mtu ambaye hatumjui. Sina ninalomzidi Salehe kwa kuona. Leo asubuhi nimeliweka dukani pamoja na mengine, na limekwisha kununuliwa.

Sasa nakuomba mambo mawili. Kwanza waambie wajomba ukweli huu wote, na adhabu watakayonipangia nitaipokea. Pili, wasiondoe tanga Jumamosi hiyo. Sisemi wasimpe Dominiko jina. Yeye ndiye aliyebaki, na ni mtoto mwema. Ila wanisubiri. Salehe atanibeba mgongoni kutoka pale lori linapoishia, nami nitamwambia njia ilipo, watu waseme watakavyo. Nataka nikae nawe chini siku tatu, tumlilie kaka na tumlilie mtoto, kwa sababu huku nimelia peke yangu mpaka nimechoka.

Msalimie mjomba Ahmadi na mkewe, msalimie mama mdogo Magdalena, na bibi Anastasia kama bado anasikia. Dada Modesta mpe salamu za peke yake. Mwambie yule mtoto aliyempa peasi aliila yote, na kwamba nampigia magoti. Salehe anakusalimu kwa heshima, anasema shikamoo mama, na anaomba umwite mwanao ukiweza. Mzee Stambuli na Yuliana nao wanakupa pole.

Mwalimu Andrea, asante. Mkalishe mama kwanza kabla hujaondoka, na umwite mtu akae naye.

Ni mimi mwanao,

Bernadeta,
Mama Alois.