Kuku wa Kusemea

Makambako, Jumapili, nimetoka ibadani

Mdogo wangu Eliza,

Kamwene. Mgongo wako vipi? Kama bado unauma ni ujeuri wako wa kubeba gunia zima la viazi kama kijana. Nilikukataza, hukusikia. Mimi nipo, mguu tu unasumbua wakati wa upepo, na hapa Makambako upepo haupumziki. Barua naandika mwenyewe, darasa la nne langu linatosha. Simu iliyopo ni ya mkwe wangu, na simu ya mkwe siwezi kuiweka sikioni. Anayekusomea asome yote, asiruke.

Kuku uliyenipa amekufa. Usiseme nimemchinja. Tulia nikueleze.

Unajua niliitwa huku kulea mjukuu. Mjukuu kaenda shule ya bweni. Mwanangu Tumaini ni muuguzi kule Ilembula, nyumbani anakuja Jumamosi. Wiki nzima tunabaki wawili, mimi na mume wake, na wewe unajua tulivyofundwa: mkwe huli naye, humtazami usoni, jina lake hulitaji. Yeye naye kafundwa vizuri kwao. Akinikuta uani anageukia ukuta. Mkwe mwema. Lakini adabu haina maongezi, Eliza.

Kazi yake ni kufuga kuku wa mayai. Dagaa wa kuchanganya kwenye chakula walipoadimika, kuku wakaanza kudonoana mpaka damu, mayai yakakatika. Akaenda semina, akarudi na inzi. Inzi! Weusi, warefu, anawafuga ndani ya chandarua wanataga, funza wao wanalishwa maganda na makombo, wakinenepa ndio wanakuwa dagaa wa kuku. Siku ile nilifunga virago. Mimi ninayeosha sufuria mara mbili nilale nyumba moja na funza? Baadaye nikaona wale inzi hawatui hata kwenye chakula. Nikafungua virago.

Ikaja baridi. Funza wakadumaa, wamelala kwenye mabeseni juu ya sementi, hawali. Mkwe anazunguka kashika kichwa. Mimi kosa nimeshaliona, maana ni lile lile la kimea cha togwa: ulezi hauchipui kwenye sakafu baridi. Nitamwambiaje? Nikamshika kuku wako, nikamweka mlangoni, nikasema kwa sauti, "Wewe kuku, kuna watu wanalaza funza kwenye sementi. Hata kimea hakilali hivyo."

Halafu nikasikia huko nje, "Kuku, muulize mama, sasa walale wapi?"

"Mwambie jikoni kwangu, juu ya magogo, karibu na moto, wafunikwe gunia. Na wasitandazwe, warundikwe wapeane joto. Huko semina alisomea nini?"

Akacheka, Eliza. Sikuwa nimesikia mtu akicheka nyumba hii tangu mtoto aondoke.

Funza wakaamka, kuku wa banda wakaacha kudonoana. Na sisi tukapata maongezi, yeye nje, mimi ndani, kuku katikati. "Kuku, mwambie mama mayai yamerudi." "Kuku, mwambie avae koti, yeye si chuma." Hata alivyofiwa na baba yake nimesimuliwa kupitia kuku.

Sasa hicho kifo. Funza waliokaushwa nawafungia jikoni. Siku hiyo komeo sikuliweka. Ni mimi, na hilo nakuambia wewe tu. Kuku wako akaingia, akala wale wakavu mpaka kifuko kikawa kama ngumi, akanywa maji, wakamvimbia humo. Asubuhi namkuta kalala ubavu. Kafa kwa shibe. Mkwe alimzika mwenyewe nyuma ya banda, hakuuliza kama tumle.

Tangu hapo nyumba imenyamaza. Anaweka kuni mlangoni, anakohoa, anaondoka. Tumaini akaniambia, "Mama, mwongeleshe tu, siku hizi watu wanaongea." Nikamjibu, hizo siku hizi ni zako.

Juzi nimeona ajabu. Mkwe kaja kakumbatia mmoja wa wale kuku weupe wa banda, kamweka kizingitini, kachuchumaa pembeni, akaanza, "Kuku, mwambie mama..." Yule mjinga akapiga kelele, akakimbilia kwa wenzake. Tukabaki, mimi natazama ukuta, yeye anatazama ukuta, katikati hakuna kitu. Akaondoka. Alitaka kuniambia nini, mpaka leo sijui.

Kurudi huko siwezi, funza wako jikoni kwangu na moto wao nauchochea mimi. Kwa hiyo nitumie kuku. Si wa kula. Usinitumie jogoo, jogoo anaingilia maneno. Nataka mtetea mtulivu, aliyezoea miguu ya watu. Mweke kwenye tenga lenye nafasi, umkabidhi dereva wa basi, umwambie asimfunge miguu, ni mbali.

Msalimie shemeji, mzee wa kanisa jirani yako, na mjane wa kaka yetu, mwambie kitenge changu bado anacho.

Usichelewe, Eliza. Kuna neno mkwe wangu hajalimaliza.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Mama Tumaini