Kompyuta ya Marehemu Dada

Mwenzangu, nimemfokea bosi mbele ya ofisi nzima. Mimi! 

Unaijua kompyuta ya marehemu dada, ile ya mapokezi ya hospitali niliyoachiwa pamoja na kiti chake. Leo nimeikuta imewekwa mfumo mpya. Inawaka kufumba na kufumbua, haikwami, virusi hakuna. Na barua alizoniandikia akiumwa hazimo. Hata moja!

Fundi ananiambia, "Anti, tangazo lilisema kila mtu ahamishe vitu vyake Ijumaa."

Ijumaa! Ijumaa nilikuwa namzika!

Bosi akaja anachekelea. "Bibie, mfumo wa zamani ulikuwa mlango wazi kwa wezi. Sasa mafaili ya wagonjwa yako salama. Tushukuru."

Tushukuru! Kasema hivyo, nakuapia.

Nikamwambia, "Wewe ulikuwepo makaburini. Ulitia udongo kwa mkono wako. Ulishindwa kumwambia fundi asubiri Jumatatu?"

Akageuka, akarudi ofisini kwake.

Kinachonichoma zaidi, kweli kazi imekuwa nyepesi. Saa nne foleni ya wagonjwa ilikuwa imekwisha. Dada aliuomba mfumo huu miaka mitatu. Yeye ndiye waliyemwambia asubiri.