Upande wa Pili wa Kaseti

Louisville, 3 Februari 2024

Dada Angelika, shikamoo. Huku hatujambo, mgongo tu ndio unalalamika kwa maboksi ya kazini. Na hapo Columbus, wazima?

Nina habari inayonichekesha peke yangu. Unaikumbuka kaseti ya bendi ya Quillmoss, ile aliyotuachia nesi Mwingereza kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila? Magitaa, filimbi, nyimbo ndefu zisizokwisha? Kumbe walitoa santuri moja tu, mwaka 1972, watu hawakuinunua, na ya pili haikutoka kabisa. Kaseti yetu ndiyo hiyo ya pili! Mpiga ngoma wao, mzee sana sasa, anaishi Buffalo. Tumeandikiana. Wimbo wa mwisho hajausikia tangu ujana wake, na nakala nyingine haijulikani ilipo. Mimi nimeitunza tu bila kuipiga, maana redio tuliiuza kule kule. Tarehe 17 nampelekea. Nitapita kwako.

Mdogo wako,
Salvatori

Whitehall, Columbus, 8 Februari

Marahaba, mdogo wangu. Sisi wazima, baridi tu. Wewe na Wazungu wako! Pita, nitasonga ugali na kupika mboga ya lengalenga.

Ila kaseti hiyo inanirudishia Mama. Tangu nilipotoroka na mchumba wangu Ruta kwenda kambi ya Nduta, hakunitumia neno hata moja mpaka akazikwa. Nimezeeka na hilo, Salvatori. Ningepata hata tusi lake.

Dada yako,
Angelika

Louisville, 2 Machi

Shikamoo, dada. Natumaini wewe na watoto mu wazima. Asante kwa ule ugali. Wakati wa kurudi nilipita Columbus bila kusimama, niliogopa uso wako.

Mzee aliweka upande wa pili, akafumba macho akingoja wimbo wake. Akaongea Mama. Alikuwa ameziba kwa karatasi vile vitundu vya juu ya kaseti vinavyozuia kurekodi, kama tulivyofanya sote kambini tukituma barua ya sauti, akarekodi juu ya wimbo. “Angelika mwanangu,” alisema. Nikazima.

Dada, Mama alinipa kaseti hiyo nikuletee Nduta. Nilidhani anakupa nyimbo zangu. Nikaona wivu, nikaificha, nikamwambia Mama nimeifikisha. Nisamehe. Naituma pamoja na barua hii, sikusikiliza zaidi. Mzee anaomba jambo moja: kama wimbo wake unaendelea baada ya Mama, umrekodie kwa simu, hata kipande.

Mdogo wako,
Salvatori

Whitehall, 20 Aprili

Salvatori,

Leo salamu sina.

Nilipata redio ya kaseti kwenye duka la mitumba, Morse Road. Mama hana hasira. Anasema nije na Ruta, ametutengea blanketi. Halafu anasema: “Nijibu kabla ya Krismasi, nasubiri.” Alisubiri, Salvatori. Alikufa akiamini nimeipata barua yake na nimenyamaza.

Baada yake wimbo wa mzee unaendelea, dakika kama tatu hivi. Ni mzuri kweli. Niliusikiliza mara moja. Kisha nikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi nikamjibu Mama hapo hapo, juu ya wimbo huo, mpaka mkanda ukaisha.

Mwombee mzee radhi. Wewe bado sijui nikuambie nini.

Dada yako,
Angelika