Mavyaa Amelimwagia Gari Kombe, Nuksi Nimeitwa Mimi

Bi Zakiya, assalaam alaykum. Naomba unishike mkono kabla sijapasuka, maana haya niliyo nayo siwezi kumwambia mamangu, atakuja kunichukua, wala siwezi kumwambia jirani, kwani Mji wa Kale huu neno likisemwa adhuhuri, magharibi limeshafika Feri.

Mimi ni mke wa mtu, nimeolewa baada ya Idi, naishi na mume wangu, nimwite Taib, kwa mavyaa, yaani nyumbani kwa mamake, pamoja na wifi yangu Fadhiya ambaye harusi yake imekaribia. Taib ana duka la kanga Biashara Street na gari lake ndilo linalobeba mzigo na sisi sote, na gari hilo wallahi ndilo linalotaka kunitoa nyumbani. Sikukaa sana taa ya injini ikaanza kuwaka kwenye dashibodi, gari likawa linazima lenyewe, mara ya kwanza kwenye foleni ya Feri na mimi nimeketi mbele, mara ya pili pale Makupa katikati ya malori na mimi nimo tena, na mavyaa akasema, mbele ya kina shangazi waliokuja kula, kwamba gari hili halikuwa hivi kabla sijaingia nyumba hii, na kwamba wako wanawake huingia na nuksi yao. Nikaendelea kupakua chakula, kwa sababu nimelelewa kwamba mkubwa hajibiwi.

Basi badala ya gari kupelekwa kwa fundi, mavyaa akataka lifanyiwe dawa, akaandikisha kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani kisha zikaoshwa kwa maji, akalichanganya na marashi ya waridi, akaniambia nishike boneti, nami nikaishika, akamwaga kwenye injini, akamwaga kwenye waya, akamwaga pale pembeni penye kile kisanduku cha kompyuta ya gari, birika zima, huku akisoma, na kesho yake asubuhi gari likipigwa stata linazunguka tu, haliwaki. Mwanzo lilikuwa likizima, sasa limekufa, na nuksi ni mimi.

Taib akamwita fundi wa waya, jina lake Kazungu, akachomeka mashine yake ya kupimia, mashine ikasoma sehemu nyingine zote, kompyuta ya injini kimya, akaifungua, ndani mna kutu ya kijani na doa la zafarani, akampa Taib habari mbili nami nimesimama hapo hapo: kwamba mwanzo gari lilikuwa na waya wa betri uliolegea, basi, kazi ya spana, na kwamba kompyuta imeuliwa na maji. Kwa hivyo mume wangu anajua, Bi Zakiya. Nikamwambia amwambie mamake. Akanijibu, "Mama ana presha. Akijua ni yeye, atakufa kwa aibu. Wewe bado kijana, maneno hayakuui."

Taib kwa kutaka kulimaliza jambo kimyakimya akaenda mwenyewe kununua kompyuta ya mtumba bila kumwuliza fundi, ikafungwa, gari likakataa kuwaka, kwa sababu kompyuta ile haiujui ufunguo wetu, inaukumbuka wa gari ilikotoka, Kazungu alieleza wazi kabisa, lakini mavyaa aliyekuwa dirishani akasema, "Mmeona? Hata kompyuta mpya imemkataa." Na Taib akacheka. Alicheka, Bi Zakiya.

Sasa mavyaa anasema nirudi kwetu mpaka harusi ya Fadhiya ipite, nisije nikamtia nuksi bibi harusi, na Taib ameniambia nifungashe nguo, ni siku chache tu. Je, niende, au nimwambie mavyaa ukweli usoni mwake? Nimechoka kubeba kosa nisilolifanya.

Mke Nyumba ya Watu, Mji wa Kale

*

Mwanangu, waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma nimesimama, kuketi nimeshindwa kwa hasira, kwa hivyo ukinisikia nimekuwa mkali, nivumilie.

Kwanza hizo nguo zirudishe kabatini. Huendi popote. Ukitoka nyumba hiyo kabla ya harusi, kila atakayekuja kula pilau atauliza yuko wapi mke wa Taib, na atajibiwa, na jibu hilo litakufuata mpaka upate wajukuu. Eti siku chache. Anapoteseka mwingine, siku huwa chache kila mara.

Pole nakupa, na kukugombeza nakugombeza. Unamwona mtu mzima anamwaga birika la maji kwenye waya, na wewe ndiye umeshika boneti. Adabu njema, lakini adabu haikukukataza kusema, "Mama, hapa pana umeme." Kombe ni la mja, hulinywa na hulioga, na mimi katika umri wangu wote sijapata kusikia limeandikiwa injini. Ama hiyo nuksi, mavyaa wako anaswali swala tano, anajua kwamba dini yetu imekataza mambo ya kuamini mikosi, iwe ya ndege, iwe ya siku, iwe ya mke wa mwanawe. Kama amesahau, msikiti hauko mbali.

Hata hivyo mavyaa amekosa kwa kutojua. Anayejua ni Taib, na yeye ndiye aliyenipandisha mori. Ukweli ameuona kwa macho yake, una kutu na una zafarani, mkewe anatukanwa mbele yake, naye anacheka. Presha ya mamake mbona haipandi anapokuita nuksi mbele za watu? Mficha maradhi kifo humuumbua. Na mamake asipoambiwa, siku gari litakapowaka atateremka na birika lake kulishukuria, na kompyuta ya pili itakwenda njia ya ile ya kwanza.

Habari ya gari nimemwuliza fundi ninayemwamini. Waya wa betri ukazwe kwanza, maana kompyuta yoyote mtakayoweka, waya ukiwa umelegea gari litazimazima vile vile. Ile iliyokufa msiitupe. Pengine itasafishwa ifufuke, na isipofufuka, huenda fundi akaweza kuitoa humo kumbukumbu ya ufunguo wenu aihamishie kwenye ile ya mtumba. Likishindikana hilo, mwenye mashine ya kazi hiyo ausajili ufunguo upya. Na nambari iliyopigwa juu ya kisanduku ilingane na ya zamani, kufanana umbo peke yake hakutoshi. Kazi hii aachiwe Kazungu, na Taib arudi kwenye kanga zake.

Sasa la kwako. Mavyaa usimwambie wewe. Ukimwambia wewe, utakuwa mke aliyemwaibisha mama wa watu karibu na harusi, na kosa jipya utakuwa umelitafuta mwenyewe. Atamwambia mwanawe, faraghani, kwa upole. Kisha mwanawe huyo huyo atawaita kina shangazi wale wale waliokusikia ukitukanwa, awaambie kwamba gari liliingia maji na mkewe hana hatia. Birika si lazima alitaje. Stara hiyo mavyaa wako namwachia. Lakini jina lako lilichafuliwa hadharani na litasafishwa hadharani. Taib akikataa, ami yake na babako wakae kikao, na wakae kabla ya harusi.

Jina la mumeo umelibadilisha, umefanya vyema, ila gazeti hili husomwa mpaka Biashara Street, na mwenyewe atajijua. Basi wewe Taib, kwa jina lolote ulilo nalo, sikiliza. Mamako hatakufa kwa aibu. Amekuzaa, amekulea, ameona makubwa kuliko kompyuta ya gari. Mkeo amekungoja umtetee, nawe mdomo wako ulipofunguka, ulifunguka kwa kicheko. Funga duka leo, nenda nyumbani ukaseme.