Wifi Aliamua Nani Alale Bila Chandarua

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana nimekasirika mpaka chakula hakipiti, na shule niliishia darasa la nne kwa hiyo nikikosea unisamehe. Mimi ni mke wa fundi wa kuchomelea mageti, tuna watoto wawili wa kike, mkubwa ana miaka saba na mdogo, tunamwita Kidoti, ana minne. Wifi yangu, dada wa mume wangu, tunakaa naye, kazi yake ni mapokezi kwenye maabara, anaandika majina ya wanaokuja kupimwa, basi siku moja akatupeleka wote tukapimwa kundi la damu, akazibandika kadi zetu ukutani kama picha za harusi. Mume wangu na mkubwa ni A, mimi na Kidoti ni O. Wifi akasema amesoma kwenye simu kwamba watu wa A damu yao huganda upesi na malaria huwashika vibaya, lakini O, "O ni chuma, wifi, malaria ikimwona O inapiga saluti." Tukacheka. Tangu siku hiyo mume wangu hanyanyui hata ndoo, ukimwambia anasema, "Niache, mama watoto, damu ya kuganda hii," na mimi wa chuma ndiye punda wa nyumba.

Chandarua chetu wakubwa kilichanika, wifi akasema cha nini kununua kingine na Kidoti anacho asichokihitaji? Mshauri, hapa ndipo aibu yangu, mimi ndiye niliyepanda kwenye kiti nikazifungua kamba kwa mkono wangu, mtoto ananiuliza, "Mama, unakipeleka wapi?" nikamjibu, wewe una damu ya kishujaa.

Baada ya mwezi akashikwa na homa. Siku ya kwanza wifi akasema mafua hayo, ya pili akasema O haina malaria msipoteze muda, ya tatu mtoto akaanza kutetemeka macho yamegeuka juu, nikamfunga mgongoni nikakimbia pekupeku hadi hospitali. Daktari akaniuliza, "Mama, mlikuwa mnangoja nini?" Nikasema, ana O. Akaweka kalamu chini akamwita nesi aje na dripu. Kidoti alilazwa siku sita, namshukuru Mungu yuko hai.

Tuliporudi nilizing'oa zile kadi, nikamwambia wifi mbele ya majirani kwamba yeye kazi yake kuandika majina, udaktari awaachie wenyewe. Sasa mume wangu anasema nimemdhalilisha dada yake aliyesoma, Jumapili nimwombe radhi mbele ya wakwe, la sivyo niende kwetu. Na chandarua bado kiko kitandani kwetu, maana wifi anasema Kidoti akishaugua amekomaa, malaria haimrudii tena. Nikiomba radhi ni kama nimekubali mwanangu augue tena, nikikataa ndoa imekwisha. Nifanye nini?

Mama mwenye hasira


Mama mwenye hasira,

Umeandika yote haya na chandarua bado kiko kitandani kwako? Unangoja ruhusa ya nani? Weka gazeti chini, kakifunge kwa mtoto, kisha urudi tuzungumze.

Umerudi? Haya. Wifi yako hakudanganya kila kitu, na hapo ndipo penye sumu. Ni kweli wataalamu wameona watu wa O mara nyingi huepuka malaria ile kali. Kuepuka mara nyingi si kutougua. Ngozi ngumu si ruhusa ya kupigwa! Na hiyo O yenu ya chuma, kipindupindu kikiingia mtaani ndiyo huelemewa zaidi. Mbona hilo hakulibandika ukutani? Watu wa A nao damu huelekea kuganda kidogo zaidi, lakini anayekaa kitini kutwa ndiye anayeizidishia hatari. Mwambie fundi abebe ndoo, ni kwa faida yake.

Mtoto wa miaka minne hakomazwi na kuugua mara moja. Homa ikimrudia apimwe siku hiyohiyo, awe wa kundi lolote.

Na wewe sikufichi: wewe ni O vilevile, ukalala ndani ya chandarua cha mwanao. Ulikosea, mama. Lakini ulipoona macho yamegeuka hukungoja kikao cha ukoo, ulikimbia. Shule yako ya darasa la nne ndiyo iliyomwokoa, waliosoma walikuwa wamekaa.

Jumapili nenda. Omba radhi kwa kulisemea jambo mbele ya majirani, basi, hata neno moja usiongeze. Kisha toa karatasi ya hospitali, mpe mumeo aisome kwa sauti mbele ya wazazi wake: malaria kali, degedege, siku sita. Akimaliza, muulize, "Mtoto wetu alale wapi?" Halafu nyamaza, usimsaidie kujibu.

Uende na watoto wote wawili na nguo zao. Jibu lake ndilo litakaloamua kama kwenu unapita kusalimia au unahamia.