Baiti Nilizosoma Vibaya

Alhamisi, Dodoma

Kosa ni langu, si la Mazengo.

Kila fremu, yaani fungu la data, inayopita kwenye nyuzi za mwanga ndani ya kebo zetu ina baiti zisizobeba simu ya mtu. Zinatuonyesha tu hitilafu iko wapi. Leo nilisoma zile za njia nzima, nikadhani ni za kipande cha Ihumwa. Mazengo, fundi mwenzangu, akachimba huko kutwa juani. Kumbe kebo iliumia Kizota.

Bosi akauliza, "Nani alisoma?"

"Mimi, mkuu," Mazengo akawahi.

Akaandikwa kwenye orodha ya watakaopunguzwa kazini mwekezaji anayenunua kampuni akija.

Nje nikamwuliza kwa nini.

"Wewe una mtoto anayenyonya, dada."

Yeye ana mke mgonjwa Chemba. Ninalijua hilo. Nikasema asante, nikaenda zangu nyumbani.